Grisi gani haili gia za brasi kwenye treni za modeli?

relindogo
Wakuu habari, naomba msaada. Nina kichwa cha treni cha modeli, skeli ya HO (udogo wa 1:87), cha zamani, womu (gia ya mfano wa skrubu inayozungushwa na mota) ni ya stili na gia yake ni ya brasi. Nimefungua gia boksi nakuta grisi imekauka ngumu kama nta halafu kuna ukijani umeng'ang'ania kwenye meno. Ninayo grisi ya magari ya presha kali, hiyo si itafaa tu?

fundimota
Hapana mkuu, iache. Grisi nyingi za presha kali zina salfa, ambayo joto na msuguano ukizidi inashikana na stili inatengeneza utando wa kuzuia meno yasisagane, sasa brasi ni shaba na zinki, na salfa ikiwa ya ile aina kali inaishambulia shaba hata bila mzigo wowote, inaanza weusi baadaye meno yanalika. Na hicho kichwa kina mzigo gani jamani wa kuhitaji mambo ya difu ya gari? Angalia karatasi ya maelezo ya grisi, tafuta kipimo cha shaba ASTM D4048 (kinaonyesha grisi inaila shaba kiasi gani), ikiwa 1a au 1b, yaani shaba imebadilika rangi kidogo tu, paka bila wasiwasi.

mzeewareli
Naunga mkono. Huo ukijani ni grisi ya zamani yenyewe, ikizeeka inatoa asidi na asidi inakula shaba, kwa hiyo ukipaka mpya juu yake umefanya kazi bure. Safisha yote kwanza kwa mswaki na spiriti, ikauke. Halafu tafuta ya sintetiki iliyoandikwa ni salama kwa plastiki, maana bodi na gia nyingine humo ndani huenda ni plastiki na kuna mafuta yanayoipasua. Iwe laini, NLGI (kipimo cha uzito wa grisi) 0 au 1, ikiwa nzito mota inahangaika.

relindogo
Asanteni sana. Na silikoni je? Na WD-40?

fundimota
Silikoni ni nzuri plastiki kwa plastiki, stili kwa brasi inalinda kidogo sana, tena inatambaa ikifika kwenye komyuteta ya mota (pale brashi zinapopitisha umeme) ni kero. WD-40 itakusaidia kulainisha uchafu ila sio grisi.

mzeewareli
Na usijaze boksi! Tone dogo kwenye womu, zungusha mbele na nyuma litasambaa lenyewe. Grisi ikifika kwenye magurudumu umeme haupiti vizuri, treni inaanza kukwamakwama.