Tupeane uzoefu: kufuga panya nyumbani, kuanzia kizimba mpaka wageni wanaoshtuka

mwenye_uzi

Wakuu, uzi huu ni wa panya wa kufugwa: weupe, wa kijivu, wenye madoa, waliozaliwa mikononi mwa watu vizazi na vizazi. Asili yao ni Rattus norvegicus, yule panya wa mferejini. London ya karne ya 19 kulikuwa na mkamata panya aitwaye Jack Black aliyekuwa akiwabakiza wenye rangi za ajabu na kuwazalisha. Mwaka 1901 panya wakaingia kwenye maonyesho ya wanyama huko Aylesbury, Uingereza, kwa juhudi za mfugaji Mary Douglas, na mwaka 1976 Waingereza wakaunda chama chao cha wafugaji. Ndiyo maana mtoto wa panya wa darini, hata umlee kwa kijiko, hageuki kuwa kama hawa. Upole wao umo kwenye damu.

Naanza na hili: usifuge mmoja. Panya wa peke yake hudhoofika hata akila vizuri. Anza na wawili, watatu ni bora zaidi, wote wa jinsia moja. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki 5, anabeba siku 21 hadi 23, na ndani ya saa 24 baada ya kuzaa anapandika tena. Watoto wa kiume waondolewe kwa mama na dada zao wakiwa na wiki 4 na nusu. Kende za dume zinaonekana wazi, hivyo kagua kila mmoja kabla hujanunua.

Mnaochangia, leteni vipimo tafadhali. "Wanapenda usafi" haimsaidii anayeanza.

fundi_vizimba

Kwa panya watatu au wanne: urefu sm 80, upana sm 50, kimo sm 90. Wavu uwe ule wa kuchomelea wa nusu inchi. Wavu wa kuku haufai, matundu ni makubwa na waya wake ni mwembamba. Wavu mpya wa mabati usugue kwa siki na maji, usuuze, uanike, ili zinki iliyolegea itoke kabla hawajaanza kuutafuna.

Fremu ya mbao tupu inaoza. Mkojo unazama ndani na harufu haitoki tena, na kona wanazitafuna. Ukilazimika kutumia mbao, ipake rangi ya maji isiyo na sumu na uiweke upande wa nje wa wavu.

Sakafu isiwe ya waya kamwe. Nyayo zinapata vidonda vinavyovimba na kujaa usaha, na vikikomaa haviponi kirahisi. Weka trei ya plastiki yenye kina cha sm 10. Ghorofa zipishane, mwanya usizidi sm 30, kwa sababu panya mzito akianguka kutoka juu anavunjika. Vipande vya kanga kuukuu vilivyofungwa pembe nne vinatosha kuwa vitanda vya kuning'inia. Kata nyuzi zinazoning'inia, zinanasa vidole.

Bint_wa_Pwani

Kwa tunaoishi Dar, Tanga na Mombasa, adui wa kwanza ni joto. Panya hatoi jasho mwilini, anapunguza joto kupitia mkia. Wanastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24. Ikifika 30 wanaanza kupata taabu, na pakiwa na unyevu wa pwani, hali inakuwa mbaya mapema zaidi.

Kizimba kikae mbali na dirisha la magharibi. Weka kigae kimoja cha sakafuni ndani wakilalie. Gandisha chupa ya maji ya nusu lita, ifunge taulo, iweke kona moja wapate pa kuikimbia. Beseni la maji ya sm 2 ukitupia njegere za kijani litawafanya wachezee maji. Feni iupige ukuta, isiwapige wao.

Ukimkuta amelala ubavu, anahema kwa mdomo, mate yanamtoka: lowesha mkia na nyayo kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, kisha mpeleke kwa daktari. Maji ya barafu yanabana mishipa na joto linabaki ndani.

Msukuma_Ndago

Na harufu mnaifanyaje? Na maranda ya useremala yanafaa kutandika?

daktari_wa_wadogo

@Msukuma_Ndago, maranda ya msonobari na mierezi yasitumike. Mafuta yanayonukia yanachoma njia ya hewa na kuchosha ini. Tumia karatasi iliyochanwa isiyo na wino mwingi, maboksi yaliyokatwakatwa, trei za mayai. Tandika sm 5.

Harufu kali ni amonia ya mkojo, na amonia ndiyo inayoua panya polepole. Karibu panya wote wa kufugwa hubeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis. Hewa ikiwa safi hutulia, amonia ikizidi huamka na kushambulia mapafu. Toa sehemu zenye mkojo kila siku. Kila wiki badilisha matandiko, lakini bakiza konzi moja ya yale ya zamani. Ukiwaondolea harufu yao yote wanakojoa kila mahali ili wairudishe.

Utajuaje mapafu yameanza? Kupiga chafya siku chache baada ya kuhama si hoja. Hoja ni mlio wa kukwaruza anapohema, ubavu kuingia ndani, manyoya kusimama. Majimaji mekundu machoni na puani si damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi nyuma ya jicho, na ikizidi inaonyesha ugonjwa au msongo. Pima uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Akipungua asilimia 10, usingoje dalili nyingine.

Onyo kuhusu ivermectin (dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi) ya ng'ombe, naona watu wanashauriana dukani. Ile ya sindano ya asilimia 1 ina mg 10 kwa ml. Kipimo cha chini cha panya ni mg 0.2 kwa kilo, yaani panya wa gramu 400 anahitaji ml 0.008. Hakuna sindano ya ml 1 inayopima kiasi hicho. Mwache daktari wa mifugo aizimue.

Majike wazee huota uvimbe wa matiti, na tezi za maziwa zimetandaa toka shingoni hadi kinenani, hivyo papasa mwili mzima. Mara nyingi si saratani, na ukiondolewa ukiwa mdogo wengi hupona.

mama_nafaka

Chakula: gramu 15 hadi 20 kwa kila mmoja kwa siku. Msingi uwe nafaka mchanganyiko (mtama, ulezi, ngano nzima, shayiri), kisha dagaa wakavu wasio na chumvi, mboga za majani, karoti. Yai la kuchemsha nusu kwa kundi la watatu, mara moja kwa wiki. Karanga moja moja kama zawadi tu. Madume wanene hawafiki mbali, na panya mwenyewe umri wake ni miaka 2 hadi 3.

Mahindi na karanga zenye ukungu usiwape hata kidogo. Panya ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huharibiwa upesi sana na sumukuvu. Maharage mabichi ni sumu pia. Kumbuka panya hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia.

Mzee_wa_Lushoto

Nitasema bila kuficha. Huku kwetu tauni tumeijua, na mahindi ghalani tumeyapoteza. Mnawezaje kumkaribisha mnyama huyu sebuleni penye watoto?

mwenye_uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ina msingi, na anayefuga akiidharau atawadhuru watu. Tauni huletwa na viroboto wa panya wa porini na wa darini, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwazuia hao wasifike kizimbani: chakula kwenye ndoo yenye kifuniko, mianya yote izibwe. Sumu ya panya isitumike nyumba hiyo, tumia mitego.

Hatari za panya wa kufugwa zipo. Kuna homa ya kung'atwa na panya, na mwaka 2017 virusi vya Seoul, ambavyo hubebwa na panya, vilienea kwa wafugaji Marekani na Kanada. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, asibusiwe, asipite mezani. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasihusishwe. Jimbo la Alberta huko Kanada linakataza kabisa kumfuga, na wana sababu zao za kilimo.

Bint_wa_Pwani

Niongeze kwa wanaoswali: panya hudondosha matone ya mkojo anapotembea juu yako, ndiyo alama yake. Tenga kanga au aproni ya kumshikia, isiguse nguo za swala. Na mgeni asipompenda, funika kizimba kwa shuka jepesi kabla hajaingia. Kumlazimisha mtu amguse kunaongeza chuki.

mkono_mwepesi

Kumzoesha: siku 2 za kwanza umwache. Kisha mtindi kwenye kijiko, alambe akiwa ndani. Usipitishe chakula kwenye wavu kwa kidole, atajifunza kuwa kila kinachopenya ni cha kuuma. Mnyanyue kwa mikono miwili, kifua na makalio. Ukimvuta ncha ya mkia ngozi inavuka yote na haioti tena.

Akisaga meno huku macho yanatikisika, ametulia. Mwanasayansi Jaak Panksepp aligundua kuwa ukiwatekenya hutoa sauti za kama kilohezi 50, juu mno kwa sikio letu, nao huufuata mkono uliowatekenya. Mtekenye shingoni, polepole.

Msukuma_Ndago

Na panya buku wa Morogoro, anafugika ndani?

daktari_wa_wadogo

Hapana, na usimnunue kwa mtegaji. Wale wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa, pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wanazaliwa hapo na kuzoeshwa watu tangu wadogo, kisha wanafunzwa kwa miezi mingi kunusa baruti au kifua kikuu. Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020, aligundua mabomu ya ardhini 71 Kambodia. Huyo ni zao la kituo kizima chenye wataalamu.

Buku huzidi kilo 1, hutafuna mbao na plastiki, na huficha chakula kila pembe mpaka kioze. Mwaka 2003 mabuku na panya wengine kutoka Ghana waliuzwa kama wanyama wa nyumbani Marekani, wakawaambukiza "prairie dog" (mnyama wa jamii ya kindi, si mbwa) ndui ya nyani, nao wakawaambukiza watu. Marekani ikapiga marufuku kuingiza panya wa Afrika. Ukitaka kumwona, nenda Morogoro ukatembelee kituo.