Naomba ushauri: ninunue kiwanja kando ya reli ya Kipushi?

Ndugu zangu, mimi ni fundi cherehani hapa Lubumbashi. Nimeonyeshwa kiwanja upande wa Kipushi, hatua kama arobaini toka relini. Majani yamefunika mataruma, mbuzi wanalala humo. Muuzaji anaapa treni ya abiria ya mjini inakuja, eti ndiyo maana bei imepanda. Bibi yangu anacheka tu.

Najua Dar es Salaam walianza 2012 kwa njia za zamani, mojawapo ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), upana kati ya vyuma vyake milimita 1,067 sawa na reli yetu iliyofika hapa 1910. Ila njia ikiwa moja, wakipishana na treni ya mizigo si abiria watalala njiani?

Wa Dar, viwanja vya karibu na stesheni vilipanda kweli? Na niache mita ngapi nisije nikabomolewa? Jumapili anataka malipo ya kwanza.