Sikio la mtoto halikauki usaha tangu ana miezi 8, HIV hana, tatizo ni nini?

mama_wawili_mza
Habari zenu ndugu zangu, naombeni msaada. Nina mtoto wa kiume anakaribia miaka 3, tangu alivyofikisha miezi 8 masikio yanatoa usaha, likikauka la kulia linaanza la kushoto, mafua hayaishi, makamasi ya kijani muda wote, na mwaka huu tu ameshalazwa mara mbili kwa nimonia. Kila nikienda napewa amoksilini, anatulia wiki moja tunarudi palepale. HIV wamepima mara mbili hana, sikoseli hana. Dada yake kanyonya vilevile anakula vilevile wala haumwi. Mama mkwe anataka akatwe kimeo, jirani ananiambia niweke mafuta ya nazi na kitunguu saumu. Nimechoka jamani, na sahivi nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki, hicho ndo kinaninyima usingizi.

kliniki_ya_masikio
Pole sana dada. Kwanza kimeo asiguswe, watoto wanavuja damu na kupata maambukizi makubwa kwa hiyo kitu na haina uhusiano wowote na sikio. Mafuta na vitunguu pia usiweke. Sokota kitambaa safi cha pamba, kiache kinyonye usaha, badilisha mpaka kitoke kikavu, ndo uweke dawa ya matone. Hapo pia angalia, ngoma ya sikio ikishatoboka matone ya gentamaisini yanaweza kuharibu usikivu, ulizia ya siprofloksasini. Na apimwe usikivu mapema, mtoto wa umri huo asiposikia na kuongea kunachelewa.

Ila sikio moja moja tutatibu mpaka lini? Masikio mara 4 au zaidi kwa mwaka, au nimonia 2 kwa mwaka, ni ishara ya kuangalia kama mwili unatengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu. Mtoto anazaliwa na za mama yake aina ya IgG zilizopita kwenye kondo la nyuma, zinapungua taratibu, akifika miezi 6 na kuendelea anatakiwa ajitegemee, kwa hiyo hiyo miezi 8 uliyoitaja imenishtua. Omba kipimo cha imunoglobulini, ndo hizo hizo kingamwili, aina za IgG, IgA na IgM, na majibu yasomwe kwa viwango vya umri wake siyo vya mtu mzima. Kama hapo ulipo hakipo waanze na protini yote na albumini, ni vipimo vya kawaida, tofauti yake ikiwa ndogo sana ni dalili kwamba kingamwili ni chache. Halafu kile kipimo cha haraka cha HIV kinatafuta kingamwili, asiyezitengeneza anaweza kuonekana hana, kwa hiyo wampime kwa PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe, kuwa na uhakika.

Swali: mafindofindo yake yakoje, makubwa au madogo? Na upande wako kuna mtoto wa kiume aliyefariki mdogo?

nairobi_sainasi
Dada usikate tamaa. Mimi ni mtu mzima, nina CVID, ugonjwa wa mwili kutengeneza kingamwili chache, yangu ilianza ukubwani. Nimefanyiwa oparesheni ya sainasi mara mbili na kumeza antibaiotiki miaka, hakuna aliyeuliza kwa nini, mpaka nikiwa na 31 daktari wa kifua akapima IgG akakuta iko chini kabisa. Sasa kila wiki 4 nawekewa dripu ya imunoglobulini inayotokana na plazima ya watu waliochangia damu. Nimonia sijapata tena. Pua bado inanisumbua, kwa sababu ile dripu ni IgG karibu yote, hairudishi IgA ya kulinda pua na koo, kwa hiyo naosha pua na maji ya chumvi kila siku. Ni ghali na kuna miezi haipatikani, sikufichi.

mama_wawili_mza
Daktari umenitoa machozi. Kaka yangu alifariki ana miaka 4, walisema kichomi, na mama anasema alikuwa na masikio hivihivi. Mafindofindo, kuna daktari aliwahi kumulika akasema hayaoni, nikajua ndo vizuri.

kliniki_ya_masikio
Pole kwa kaka yako. Kwa mtoto anayeumwa hivi kutoonekana mafindofindo siyo habari nzuri, maana yamejaa seli B, ndizo zinazozaa kingamwili. Kuna ugonjwa wa mwili kutotengeneza kingamwili, Dr Bruton wa Marekani aliueleza 1952 kwa mtoto wa miaka 8, unapita kwa mama asiyeumwa na kuwapata watoto wa kiume. Sisemi ndo huo, ila mweleze daktari habari ya kaka yako kabla ya yote, na uombe rufaa kwa daktari bingwa wa watoto wiki hii. Wakipita wa matone ya polio mweleze daktari kwanza, yale yana virusi hai, mpaka majibu yatoke apewe ya sindano, na dada yake pia.

mama_wawili_mza
Jumatatu asubuhi naenda. Hayo majina ya vipimo nimeyaandika kwenye kadi yake ya kliniki.