Kura nilimpa juu ya basari, sasa anasema nilikubali ushuru

mama_viazi, Nakuru

Hamjambo wadau. Nina swali na tafadhali msiniletee siasa za vyama, nataka mtu anieleze pole pole. Mimi ni mama wa viazi karai, niko na karai yangu kando ya barabara hapa Nakuru mwaka wa saba huu, wadi siitaji juu nitajulikana kesho kabla mafuta ishike moto. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, alichaguliwa tena 2022. Tangu arudi, tukienda kumlilia juu ya ushuru wa kila siku, ama hiyo mpango ya kututoa barabarani tuingizwe ndani ya soko penye mteja hafiki, jibu lake ni lile lile, ati tulijua msimamo wake na tukamrudisha, kwa hivyo wananchi walishaamua.

Sasa mimi nilimpigia, sikatai. Lakini nilimpigia juu kijana wangu alipata basari ya wadi, pesa ya karo, akiwa fomu tatu, na tena alikuwa na tiketi ya chama chenye huku kila mtu alikuwa anaimba. Ushuru sikusikia akiutaja hata siku moja, kwa mkutano tulichezewa muziki tukapewa leso tukaenda nyumbani. Jirani yangu wa mahindi choma naye alimpigia juu yule mgombea mwingine hakuja matanga ya mamake. Wa tatu hapa steji hata hakupiga, alikuwa ameenda kwao Kisii wiki hiyo. Leo sisi wote watatu tunaambiwa tulikubali ushuru. Kweli matokeo ya kura yanaweza onyesha watu wanafikiria nini kuhusu mambo ya mtaani, ama huku ni kutuzungusha tu?

karani_wa_lango, Kisumu

Mama, pole. Nimekuwa karani wa uchaguzi mara mbili, 2017 na 2022, kituo cha shule ya msingi huku Kisumu. Siri niliapa kutunza na nitatunza, lakini chenye kila mtu aliona naweza sema. Mtu anapewa karatasi 6: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA. Amesimama laini tangu giza. Sasa mwangalie akifika kwa masanduku. Ile nyeupe ya rais anaiingiza kama mtu anatoa sadaka siku ya mshahara, anaisukuma na kidole mpaka aone imeanguka ndani. Zile zingine amezishika mkononi kama karata, anakuuliza "na hii ni wapi?", unamuonyesha rangi ya kifuniko, anatumbukiza, ameenda. Ya MCA wako mara nyingi ilikuwa ndio ya mwisho.

Alafu huku kwetu wagombea huomba "suti", yaani koti mpaka soksi, chama kimoja kutoka rais mpaka MCA. Mtu wa suti hajasema chochote kuhusu taka, wala maji, wala vibanda. Amesema juu ya rais, hao wengine wamedandia.

Usiku tukihesabu ndio nilielewa kabisa. Msimamizi anainua karatasi maajenti waone, anasoma jina, inawekwa kwa fungu lake. Mafungu ni ya majina, na moja la zilizoharibika. Hakuna fungu la "nimempa lakini ushuru sitaki". Hata fomu yenyewe tunajaza idadi na kusaini, sababu hakuna mahali inaulizwa.

Lakini sitadanganya ati watu wetu ni kondoo. Kisumu Mashariki walimchagua Shakeel Shabbir kuwa mbunge akiwa mgombea huru 2017 na wakarudia 2022, na hapa ni nyumbani kabisa kwa ODM, chama cha Raila wakati huo. Ugenya pale Siaya, David Ochieng wa chama kidogo cha MDG alishinda ubunge kwa uchaguzi mdogo wa Aprili 2019 na 2022 akarudi. Kwa hivyo mtu akitaka kuvua koti abaki na suruali, anajua vile huvuliwa. Sasa kama aliivua juu ya barabara, ama ukoo, ama jamaa alimzikia mtu, hapo hata mimi mwenye nilihesabu siwezi kukuambia.

jamaa_wa_London

(London ya Nakuru, msianze.) Mnamdekeza mama. Mtu akirudishwa amerudishwa, kama hamtaki ushuru mngemtoa, shida iko wapi? Nakuru hii tunajua kutoa watu. 2013 Kinuthia Mbugua, 2017 Lee Kinyanjui, 2022 Susan Kihika. Chaguzi tatu, magavana watatu. Wakati wa korona matatu zikatolewa katikati ya mji watu wakawa wanatembea na magunia kichwani, ikafika 2022 Lee akaona moto, Kihika alipata karibu mara mbili ya kura zake. Kama hayo sio maoni ya watu kuhusu steji basi sijui maoni ni nini.

mwana_wa_Mumias

@jamaa_wa_London hapo umeruka mtaro ukaangukia ndani. Lee alisimama na Jubilee, mahali ambapo mwaka huo watu walikuwa wanapigia UDA, chama cha Ruto, toka juu. Sasa wewe niambie, waliomuangusha ni watu wa steji ama ni wilibaro, ile alama ya UDA? Zote mbili zinatoa hesabu ile ile. Angeziacha matatu pale pale na bado angeanguka, sisemi alianguka juu ya hiyo ama hakuanguka juu ya hiyo, nasema hesabu haiwezi kukuambia. Na Mbugua hata hakufika debe la Agosti 2017 akiwa na tiketi ya chama, aliangushwa kwa mchujo wa Jubilee. Kama kuna mahali watu wa Nakuru walimjibu juu ya kazi yake ni huko kwa mchujo, mahali wote ni chama kimoja na mtu hawezi kujificha nyuma ya rais. Kisumu pia hivyo hivyo, gavana Ranguma alianguka kwa mchujo wa ODM 2017 mbele ya Nyong'o, akajaribu akiwa huru Agosti, ikakataa.

Mama, sasa nikupe yetu ya Kakamega juu ndio karibu zaidi na swali lako, sijui kwa nini watu huisahau. Agosti 9, 2022 sisi tulipiga kura 5 badala ya 6. Karatasi za gavana zilikuwa na makosa, picha na majina yamechanganyika, tume ya uchaguzi IEBC ikaahirisha, Mombasa pia ikawa hivyo. Wakasema tarehe 23, wakasogeza tena, mwishowe tukapiga Agosti 29. Yaani ile karatasi ya bluu peke yake mezani. Hakuna rais wa kudandia. Ruto alikuwa ametangazwa mshindi wa urais tarehe 15 mbele ya Raila, kesi iko Mahakama ya Juu.

Nikafikiri, eeh, sasa ndio tutasikia watu wanasema nini kuhusu kaunti yenyewe. Gavana Oparanya alikuwa anamaliza miaka yake 10. Kulikuwa na mambo ya kupima: ile programu ya akina mama, ukienda kliniki na ujifungulie kwa kituo cha afya unatumiwa pesa kidogo kidogo, dada yangu alipata na alinunua blanketi na ndoo ya kuogeshea mtoto. Upande ule mwingine kulikuwa na hospitali kubwa ya rufaa, majengo marefu yalikuwa yamesimama bila wagonjwa wakati huo, kila ukipita ulikuwa unaiangalia. Mwenye kupenda ile ya kwanza angeenda na Barasa wa ODM, chama cha Oparanya, mwenye kukasirika na ya pili aende na Malala wa ANC, chama kilichokuwa upande wa Ruto. Safi.

Wapi! Kwanza kura za rais Kakamega, Raila alimpita Ruto zaidi ya mara mbili. Wiki tatu baadaye, watu wale wale, Barasa akapata elfu 192 na kitu, Malala elfu 159 na kitu. Pengo ni kama elfu 33 tu. Kwa hivyo ukweli ni kwamba karatasi ikikaa peke yake watu wanapiga tofauti, hiyo nakubali, na ni jambo kubwa, inamaanisha siku ile ya karatasi 6 kuna maoni mengi yanafunikwa. Lakini uliza watu wa kijiji chetu walipigia nini. Fundi wa pikipiki alimpa Malala juu ati tuingie kwa serikali tusibaki nje. Mjomba wangu, mwenye huyo Oparanya hakuwahi kumpenda hata dakika moja, alimpa Barasa juu alikuwa na uchungu wa Raila, anasema ilikuwa rambirambi. Mamangu hakuenda kabisa, ilikuwa Jumatatu na mahindi yalikuwa yamekauka shambani na ndege wameanza, akasema "nilishapiga, wakiharibu karatasi zao sio mimi". Na walikuwa wengi kama yeye, vituo vilikuwa vimepoa. Blanketi la dada yangu na ile hospitali sikusikia mtu akizitaja, isipokuwa dada yangu mwenyewe.

Sasa kama karatasi moja, siku moja, mbio za watu wawili, bado huwezi kusoma maoni juu ya hospitali, huyo MCA wako anasomaje ushuru wa viazi kutoka kwa karatasi ya sita?

wa_Kanduyi

Mulembe. Nyinyi mna bahati. Bungoma tulimtoa gavana Lusaka 2017 baada ya zile wilibaro kaunti ilinunua Sh109,000 moja, tukaweka Wangamati, 2022 tukamtoa Wangamati tukamrudisha Lusaka. Mwenye kujua msimamo wa Bungoma kuhusu bei ya wilibaro anijulishe, mimi ni mpiga kura hapa na sijui.

jamaa_wa_London

😂😂 Sawa nimekaa chini. Lakini basi mnasema kura haina kazi?

mwana_wa_Mumias

Iko na kazi, ya kutoa mtu na kuweka mtu. MCA akijua anaweza kutolewa atapokea simu. Kumsomea mtu mawazo ndio haiwezi.

karani_wa_lango, Kisumu

Na kuna kitu hatujamwambia mama. Huo ushuru haukuwekwa na kura ya 2022 hata kidogo. Ada za soko na vibanda huwekwa kwa mswada wa fedha wa kaunti, na huo mswada hupitishwa kila mwaka, upya. Katiba kifungu cha 196 inalazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi kabla ya kupitisha mambo yake. Sasa kama kura ya 2022 ilikuwa imeshakubali ushuru wa miaka mitano, hivyo vikao vya maoni kila mwaka vinaitwa vya nini? Muulize hivyo tu, kwa heshima, mbele ya watu. Mheshimiwa, kama tulishaamua, mbona sheria inakutuma urudi kutuuliza?

mama_viazi, Nakuru

Haki ya Mungu hiyo sikujua. Nilikuwa naona tangazo limebandikwa pale kwa chifu nadhani ni ya mbolea. Nimemuuliza huyu wa mahindi anasema iko kikao Alhamisi saa nne, ukumbi wa kanisa. Tuko kama akina mama 30 kwa laini yetu, tukienda wote si watatuona?

nyar_Ahero

Mama nenda, lakini chunga kitu kimoja, na hii ilinipata mwenyewe, mahali sitaji. Tuliitwa kikao cha ada za soko, tukafika saa tatu, mkubwa akafika saa saba. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa mapema sana, jina, namba ya kitambulisho, sahihi, tukasaini wote juu ndio ulikuwa unapewa soda na nauli mia mbili. Tukaongea wee, tukakataa, mama mmoja akalia. Baadaye tunaonyeshwa ripoti, majina yetu yako nyuma na sahihi zetu, na mbele imeandikwa wafanyabiashara walishirikishwa na wakaunga mkono. Kulia kwa yule mama hakukuandikwa mahali. Kwa hivyo sisi siku hizi tunaenda na karatasi yetu. Andikeni wenyewe: tuko wangapi, kwa siku unauza sahani ngapi barabarani, wale walioingia sokoni wanauza ngapi, unatoa ushuru ngapi, hamtaki nini na mnataka nini badala yake. Mchape nakala mbili, moja waache, ingine wakupigie stempu na tarehe uende nayo nyumbani. Na kwa ile ya mahudhurio, kando ya jina lako andika "napinga nyongeza". Nafasi ni ndogo lakini inatosha.

mama_viazi, Nakuru

Stempu. Sawa, nimeandika nyuma ya daftari ya madeni nisisahau. Sasa Alhamisi saa nne ndio watu wa mjengo hukuja kula, nani ataniangalizia karai?

jamaa_wa_London

Niko karibu, naweza. Lakini zile zinavunjika nakula.