Darasa la 96: KITABU (picha mwisho Jumapili!!)

Kiranja 19:02
Habari za jioni wanadarasa. Nakumbusha tena, picha za kitabu cha darasa letu mwisho Jumapili saa mbili usiku. Tuko 31 humu, waliotuma ni 7. Saba! Jumatano Fundi anapeleka kazi kwa wachapaji wa River Road, Nairobi, na tukichelewa tutapanga foleni nyuma ya watu wa kalenda.

Kiranja 19:03
Pesa ni 900 kila mtu, kwa namba ya Mweka Hazina. Nakala 60 kwa 450 ni 27,000. Nusu inatangulia, yaani 13,500. Tuna 8,100. Waliolipa wanajijua, na wasiolipa nawajua mimi.

Beki Tatu 19:05
Huyu hajaacha kuhesabu watu 😂 Hata maharagwe alikuwa anahesabu

Mama Tito 19:11
[picha]
[picha]

Fundi Chapa 19:14
Mama Tito asante, lakini umetuma kama picha. WhatsApp inaikamua, upande mrefu unabaki pikseli kama 1600. Ukurasa wetu ni A5, picha ikijaza ukurasa inataka 1748 kwa 2480. Hii itatoka na ukungu. Tuma tena kama dokumenti.

Mama Tito 19:16
Hiyo nimeipiga ikiwa ndani ya fremu. Imegandia kioo, nikivuta inachunika

Fundi Chapa 19:22
Usivute!! Ikishachunika hakuna dawa. Iache hapo hapo kwa kioo. Weka fremu mezani kando ya dirisha, zima taa ya juu, zima flashi. Simu iwe sambamba na kioo, isiinamie upande. Mtoto asimame nyuma yako ashike leso nyeusi, ndiyo usijione mwenyewe kwa kioo. Rudi nyuma kidogo halafu uvute kwa zumu, kwa sababu ukisogea karibu sana kingo zinapinda.

Zile za albamu ya gundi ni kitu kingine. Pitisha uzi wa meno chini ya picha, kona hadi kona, polepole, kama dukani wanavyokata sabuni ya mche.

Mwenye skana aweke vidoti 600 kwa inchi. Mia tatu inatosha tu kama picha inabaki saizi yake, na hizi zetu ni ndogo, lazima tuzikuze. Na mskani mgongo pia. Huko ndiko kuna muhuri wa studio na tarehe.

Beki Tatu 19:25
Fundi mbona zote zimekuwa nyekundu? Ni vumbi la Voi?

Fundi Chapa 19:29
Cheka tu lakini ni vitu viwili. Vumbi linatoka kwa brashi laini, ile ya kuchorea, kavu. Si kitambaa wala mate. Wekundu wenyewe ni kwamba karatasi ina rangi tatu, na ile ya samawati ndiyo hufa kwanza hata picha ikikaa gizani kwenye sanduku. Huo nitausawazisha kwa kompyuta. Msitie filta za simu tafadhali, mkishatia siwezi kutoa.

Beki Tatu 19:30
Kumbe magoti yangu hayakuwa mekundu

Dei Skola 19:30
Yako yalikuwa.

Katibu 19:47
Mimi nina negativu, zile filamu za kamera, vipande vinne vya siku ya michezo. Nimeviweka juu ya skrini nyeupe ya simu nikapiga kwa simu nyingine, zinatoka na vidoti vidoti

Fundi Chapa 19:51
Hivyo ni vidoti vya skrini. Inua negativu sentimita 2 au 3 juu ya skrini, katikati weka plastiki nyeupe kama maziwa, mfano kifuniko cha kopo la aiskrimu. Nikigeuza rangi itakuja na ubluu kwa sababu ya ule uchungwa wa filamu, usishtuke.

Na angalieni beji! Beji yetu ilikuwa mfuko wa kushoto. Kwa hiyo kwenye picha iwe upande wa KULIA wa mtazamaji. Ukiiona kushoto, negativu imelala kinyume, na majina yote ya "kutoka kushoto" yatasomeka visivyo. Picha mbili nilizonazo tayari ziko hivyo. Aliyeandikwa kuwa Beki si Beki.

Beki Tatu 19:52
Afadhali, yule ana kitambi

Kiranja 20:06
Tusipotee. Jalada hili hapa 👇 Picha ya darasa zima, juu tumeandika DARASA LETU 1996. Karatasi ya jalada giramu 300, ndani giramu 150, kurasa 36, pini mbili. Naomba mseme sawa tuendelee.

Kiranja 20:06
[dokumenti: jalada_mwisho_3]

Mweka Hazina 20:09
Sawa

Katibu 20:10
👍🏾

Dei Skola 20:31
Darasa zima?

Kiranja 20:33
Ndiyo, ile ya mbele ya maabara

Dei Skola 20:34
Mimi simo. Na unajua kwa nini simo.

Kiranja 20:35
Jamani hayo ni ya zamani. Hiyo ndiyo picha pekee ya pamoja tuliyo nayo

Dei Skola 20:36
Basi usiandike "darasa letu". Andika waliomaliza karo

Mama Tito 20:38
🙊

Beki Tatu 20:41
Si siku hizi kuna AI, wabandikwe tu. Mimi nibandikwe nikiwa na nywele

Fundi Chapa 20:46
Inawezekana lakini itaonekana. Ile picha ilipigwa jua la saa sita, kila mtu ana kivuli chini ya nyusi na chini ya pua. Ukileta sura ya kitambulisho, mwanga wake umetoka mbele, mtu anaonekana kama amebandikwa kwa gundi ya unga. Na ukiiachia programu ijaze yenyewe inachora uso wa mtu mwingine kabisa. Macho yanafanana, mtu siye.

Dei Skola 20:47
Sitaki kubandikwa.

Beki Tatu 20:49
Haya tuongee safari ya Desemba. Treni au basi? Stesheni ya Nairobi ni Syokimau wandugu, msiende Railways pale mjini mkaachwa tena. Na kitambulisho mkononi

Kiranja 20:50
Beki. Jalada kwanza.

Mwalimu 21:40
Hamjambo nyote. Nimesoma yote tangu juu.

Picha ile ilipigwa muhula wa tatu, kabla ya mtihani wa KCSE. Daftarini mlikuwa 43. Pichani mko 32. Wale 11 hawakukosa kwa kupenda. Kiranja, orodha ya karo uliisoma wewe pale mlangoni, kwa kuwa mimi niliyepaswa kuisoma nilikukabidhi karatasi nikaenda zangu chumba cha walimu. Kwa hiyo lawama si yako. Lakini jalada hilo mimi silikubali.

Katibu 21:52
Shikamoo Mwalimu 🙏🏾

Mwalimu 21:53
Marahaba.

Dei Skola 21:58
Ahsante Mwalimu.

Kiranja 22:04
Nimekusikia Mwalimu. Sasa juu tuweke nini? Fundi anataka faili Jumatano asubuhi.

Mwalimu 22:09
Daftari langu la alama ninalo bado. Lina majina 43 kwa namba za kuingia shule. Nitapiga picha ukurasa wa majina, alama nitazifunika kwa karatasi. Ile picha iwekeni ndani, na chini yake muandike waliokuwepo na wasiokuwepo.

Beki Tatu 22:10
Hesabu zangu zifunikwe mara mbili tafadhali. Viboko vilipigwa marufuku 2001, sisi tulikuwa tumeshatoka

Mweka Hazina 22:14
Na marehemu wanne? Katibu ameweka msalaba mbele ya kila jina. Wawili walikuwa Waislamu. Andika (marehemu) tu, inatosha. Na familia ziulizwe kabla ya picha zao kuchapwa.

Katibu 22:15
Kweli, nimekosea. Natoa sasa hivi

Fundi Chapa 22:21
Ngojeni. Kitabu cha pini kinaenda kwa nne nne, karatasi moja ikikunjwa ni kurasa nne. Majina yanataka kurasa mbili. 36 na 2 ni 38, haikubali, itabidi 40. Hiyo ni kama 30 zaidi kwa nakala, 1,800 kwa zote 60. Ofseti, ile ya kuchapa kwa bamba, msiitaje, bamba nne kwa kila upande wa karatasi, kwa nakala 60 hailipi.

Majina yakae kurasa za katikati pale kwenye pini, 22 kushoto na 21 kulia. Pale tu ndipo kurasa mbili ni karatasi moja, mistari inalingana. Kwingine mstari unaruka milimita moja mbili, mtadhani ni mimi nimelewa. Ukiwabana 43 kwa ukurasa mmoja, kila mstari milimita 4, wenye miwani kama mimi watasoma kwa taabu.

Mama Tito 22:23
Sote tuna miwani

Kiranja 22:25
Kwa hiyo jumla 28,800. Nani anaongeza?

Kiranja 22:41
Naona watu wanasoma. Wamesoma 26.

Mweka Hazina 22:50
Dei Skola ametuma 1,800 sasa hivi. Hakuandika ni ya nini.

Kiranja 22:52
Dei? Ni 900 mbili ama ndiyo hizo za kurasa?

Kiranja 23:10
Sawa. Jalada tutaongea kesho. Nina orodha ya wale 11 lakini namba za simu ni 6 tu. Mwenye hizo tano anitumie inbox, nitapiga mwenyewe.

Bweni B 23:57
Samahani wadau nilikuwa zamu. 900 ni za nini?

Bweni B 23:58
[picha]

Fundi Chapa 23:59
Dokumenti.