Mrejesho: Simfoni ya 9 ya Dvořák, nimeshapata rekodi yangu

Wapendwa, niliwauliza rekodi ipi ya simfoni ya 9 ya mtunzi wa muziki Dvořák, ile aliyoiandika Marekani mwaka 1893, inafaa kuanza nayo. Wengi mlinitajia mbili, kwa majina ya waongozaji wake: Kertész na okestra ya Vienna (1961), na Kubelík na okestra ya Berlin (1972). Nimezisikiliza zote usiku, taa nimezima, hedifoni masikioni.

Kertész ana moto. Ngoma zilipoingia sehemu ya 1 nilishtuka kitini. Lakini sehemu ya 2 ndiyo iliyoniamulia. Ile zumari ya sauti nzito inayobeba wimbo, kwa Kubelík haina haraka kabisa. Inavuta pumzi, na vyombo vya nyuzi vimetulia chini yake kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekaribia kulala. Nilirudia mara tatu, machozi yakinilenga.

Aliyeniambia nitegee sikio toazi, ahsante sana. Linagongwa mara moja tu simfoni nzima, sehemu ya 4, tena kwa upole. Mara mbili lilinipita! Nimebaki na Kubelík. Kertész namwekea asubuhi za Jumamosi.