Tupeane uzoefu: ni lini neno la mwananchi liligeuza uamuzi kwenye mkutano wa kijiji au mtaa?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Juma lililopita tuliitwa mkutano wa mtaa, ajenda mchango wa madarasa. Tumefika saa nne, mtendaji kaja saa sita na ushee. Daftari la mahudhurio likazunguka kwanza, kisha kikasomwa kiwango cha kila kaya, halafu "kuna mwenye swali?" huku faili linafungwa. Kesho yake vitabu vya risiti vikaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 8, inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Kwa karatasi tumeshiriki, saini zetu zipo. Sasa malalamiko ninayo ya kutosha kuuza, sihitaji mengine. Nataka visa: wapi uamuzi ulibadilika, na nini hasa kiliubadilisha? Mambo ya vyama yapelekeni jukwaa lake.

Kijana wa Posta
Kwetu hakuna. Naweka kambi hapa nisome.

MkulimaBondeni
Mkuu, hiki nilikishuhudia. Alikuja mtu anataka shamba kubwa la kijiji, lile tunalochungia. Mwenyekiti akatuambia jambo limeshapita, amekuja tu kutuarifu. Mwalimu mmoja mstaafu akasimama na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imekunjwakunjwa mfukoni. Akasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe, na mkutano mkuu ni sisi, kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hakugomba. Aliomba kitu kimoja tu: muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, usomwe pamoja na majina.

Ukaletwa. Majina yakaanza kusomwa. Katikati bibi mmoja akadakia: "Hebu rudia hapo. Mimi na huyo jirani hatujakaa benchi moja tangu kesi ya mbuzi, nimeandikwaje chini yake?" Watu wakacheka, lakini kijana mmoja akatoa simu, alikuwa na picha ya orodha ya mbolea ya ruzuku. Mpangilio ni uleule, jina kwa jina. Walinakili orodha ya mbolea wakaiita mahudhurio.

Shamba halikutoka. Yule mwekezaji alirudi baadaye, safari hii akaja na ramani, akaomba eneo dogo upande wa barabarani, tukajadili hadi jua likazama na tukampa kwa masharti. Kwa hiyo wanaosema wananchi wakiulizwa wanakataa kila kitu, si kweli.

Mtendaji Mstaafu
Naomba nisemee upande wa pili, maana humu mtendaji ni shetani siku zote. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Nikitangaza mapato na matumizi, wanakuja wazee walewale na mbwa wao. Nikitangaza majina ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, kivuli cha mwembe hakitoshi. Nifanyeje?

Halafu kuna hili msilolijua. Tulikaa na wawezeshaji wa Fursa na Vikwazo, yaani utaratibu wa wanakijiji kupanga mipango yao wenyewe, watu wakachora ramani ya kijiji chini kwa majivu, wakapanga vipaumbele. Namba moja ilikuwa maji. Mpango ukapanda kata, ukapanda wilaya, ukakutana na ukomo wa bajeti na maelekezo ya juu. Kilichorudi ni fedha ya kumalizia jengo la ofisi. Aliyesimama mbele ya watu kulieleza ni mimi. Mkutano uliofuata kina mama hawakuja, na sikuwalaumu.

Mtu wa Makueni
Salamu kutoka Kenya. Huku kaunti yetu inasifiwa kwa hili na kwa kweli kuna kazi imefanyika: vikao huanzia kijijini, mnachagua wajumbe wenu, hoja zinapanda mpaka wadi (ziko 30). Mimi nimeona barabara aliyoitaka mkubwa fulani ikiangushwa na akina mama waliotaka bwawa la mchanga (ukuta unaozuia mchanga ili utunze maji) kwenye mto wa msimu. Walichofanya ni kuwabana wajumbe mapema, kila mmoja aseme hadharani atapigania nini huko juu. Aliyegeuka alirudi kijijini hapohapo kuishi nao.

Kitaifa ni hadithi nyingine. Sheria ya Fedha ya 2023 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Julai 2024, hoja mojawapo ikiwa Bunge halikueleza kwa nini maoni ya watu yalikataliwa. Oktoba mwaka uleule Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo. Mimi bado naona waliotoa maoni wanastahili jibu, hata kama ni "hapana".

Mama Genge
Kwetu kilichogeuza ni saa. Mikutano ilikuwa Jumatano asubuhi, wakati sisi tuko sokoni, wanaamua wanaume wenye nafasi. Tulipoomba iwe Jumapili alasiri ikawa vita, ila ikapita. Mkutano wa kwanza tu, dampo lililopangwa nyuma ya kisima likahamishwa. Hakuna mwanaume aliyekuwa anajua watoto wanachotea maji wapi.

Mleta uzi
MkulimaBondeni, huo muhtasari mtu anaupataje? Nikiomba kwa mdomo naambiwa faili lipo kwa katibu.

MkulimaBondeni
Usiombe kwa mdomo. Andika barua, nakala mbili, taja tarehe ya mkutano na ajenda. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Wakikataa kugonga, nakala nyingine peleka kwa mtendaji wa kata. Na mkutano ujao, kabla ajenda mpya haijaguswa, nyoosha mkono uombe muhtasari uliopita usomwe na majina yake. Nenda na wenzako wawili watatu, ukiwa peke yako utaitwa mchochezi.